Kindi yupo mwembeni, je chura yuko wapi?

Haya ni maongezi niliyotoa Jumamosi ya mwisho wa mwezi baada ya usafi, hapa mtaani kwetu Mwanza, chini ya ule mwembe mkubwa pembeni ya mtaro unaoshuka kwenda Mto Mirongo. Kuna watu hawakuwepo wakaniomba niyaandike, kwa hiyo nimeyaandika kama nilivyoongea.

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu, mwangaluka. Vijana wa boda mliosimama hapo nyuma mambo, sogeeni kivulini jua limeshaanza kuchoma.

Mwezi uliopita tukiwa tunatoa taka kwenye huu mtaro kijana mmoja aliniuliza swali ambalo mpaka leo halijanitoka. Akasema mwalimu, kila siku unalalamika maji machafu, mazingira yameharibika, mbona kindi wapo hapo juu wanaruka tu, si wangekuwa wameshakufa? Watu walicheka. Mi sikucheka, kwa sababu nimefundisha bailojia miaka mingi na hilo ni swali la maana kuliko mengi niliyoulizwa darasani, na siku ile nilikuwa nimechoka nikamjibu juu juu tu. Nilikosea. Leo nataka nimjibu vizuri, na ili nimjibu inabidi niwaambie habari za wanyama wawili, mmoja huyu wa juu ya mwembe na mwingine chura mmoja wa milimani kwetu Tanga anayekaa kwenye vijito vya maji yanayoporomoka.

Tuanze na wa juu maana mnamuona. Kindi, wengine mnamwita kuchakuro. Dirisha langu la jikoni linaangalia huu mwembe kwa hiyo huyu namjua kama jirani. Asubuhi anashuka kichwa chini mkia juu, na hilo msilione dogo, paka akishapanda mti kushuka ni kilio, lazima arudi kinyumenyume kwa sababu kucha zake zimepinda upande mmoja. Kindi kifundo cha mguu wa nyuma kinageuka, unyayo wote unaangalia nyuma, kucha zinang'ang'ania gamba la mti halafu yeye anakuja tu kama anateremka ngazi. Akifika tawi la chini anakaa kitako, mkia ameulaza mgongoni, anashika kokwa ya embe kwa mikono miwili anaizungusha kama mama anavyozungusha chapati kwenye kikaango na unasikia kabisa krr krr krr mpaka ndani ya nyumba. Meno yake ya mbele hayaachi kukua mpaka anakufa. Asipotafuna yanamzidi mdomo. Kwa hiyo akitafuna anakula na hapo hapo ananoa.

Mkia ndio msaidizi wake mkuu, akiruka unamuweka sawa hewani, akilala anajifunika, na akiona nyoka anautikisa kwa hasira huku anapiga kelele mpaka kindi wote na ndege wote wanajua kuna hatari. Niliwahi kumfuata kwa kelele hizo nikakuta kweli nyoka yuko kwenye uzio, toka siku hiyo nikimsikia namwambia mjukuu wangu aingie ndani kwanza.

Sasa shikeni jambo moja hapa maana ndio mzizi wa maongezi yote. Kindi joto lake analibeba mwenyewe. Kuwe na upepo wa ziwa wa alfajiri au jua la Septemba, ndani ya mwili wake ni kwenye nyuzi 38 hivi, habadiliki. Ana manyoya, chini ya manyoya ana ngozi kavu. Maji mengi anayapata kwenye matunda. Watoto wake wanazaliwa vipofu, hawajiwezi, lakini wanazaliwa kwenye kiota au kwenye tundu la mti juu huko na mama anawanyonyesha, chakula chao kinapita kwanza kwenye mwili wa mama. Yaani huyu mnyama ana ukuta. Kati yake na dunia kuna ukuta, na ukuta huo anatembea nao. Mwembe ukikatwa anaruka kwenye mpera wa jirani, mpera ukikatwa anavuka waya wa umeme anaenda mtaa wa pili. Mtaro huu ujae oili mpaka juu, yeye yuko kwenye tawi anakula embe.

Kwa hiyo kijana wangu, kindi wako ni shahidi mkweli kabisa, ila ni shahidi wa miti. Anatuambia mwembe upo na unazaa. Habari za maji hazijui.

Twende Usambara. Mimi ni mzaliwa wa Muheza, na babu yangu alikuwa na shamba la iliki upande wa Amani, msitu ule mnaousikia. Nilikuwa na miaka tisa au kumi hivi aliponichukua usiku na tochi kwenda kwenye kijito kilichokuwa juu ya shamba. Maji pale hayatembei jamani, yanaanguka. Yanapiga mwamba yanarushwa, ukisimama hatua tano una umande usoni, na kelele zake ni kubwa kiasi kwamba babu alikuwa ananishika bega badala ya kuniita. Akamulika mwamba, mi sikuona kitu. Akasogeza tochi kidogo, ndio nikaona jiwe linapumua.

Alikuwa chura. Rangi ya jiwe lenye kuvu, mabaka kama ya jiwe, amebandika vidole kwenye mwamba uliosimama wima na maji yanamwagika pembeni yake shubiri moja tu, na kidevu chake kinacheza haraka haraka. Ncha za vidole vyake zimetanuka, mkimuangalia kwa karibu kila kidole kinaishia kama herufi T. Wataalamu wanamwita Arthroleptides martiensseni, kwetu alikuwa chura wa mwambani tu. Halafu babu akamulika chini kidogo, kwenye ukuta wa mwamba ambako hakuna dimbwi lolote, ni maji membamba tu yanateleza kama jasho, nikaona vitu vyeusi virefu vimebandikwa kama njiti za kiberiti. Nikagusa kimoja. Kikaruka kikabandika pengine. Kumbe ndio watoto wake, viluwiluwi! Sisi tumezoea viluwiluwi wa kwenye dimbwi wenye tumbo la mviringo, hawa wamenyooka, mkia mrefu, wanakwangua ule utelezi wa kijani kwenye jiwe ndio chakula chao. Ule utando wa maji mwembamba kuliko karatasi ya daftari ndio nyumba yao yote.

Nimesema kidevu kinacheza. Hapo anavuta hewa kuipeleka kwenye mapafu, lakini mapafu kwa chura ni nusu ya habari. Anapumua pia kwa ngozi. Hewa ya oksijeni inapita kwenye ngozi inaingia kwenye damu moja kwa moja, ndio maana ngozi yake lazima iwe na unyevu muda wote, ikikauka amekwisha. Na maji hanywi kwa mdomo. Mmesikia hapo mama zangu? Chura hanywi kwa mdomo, anakaa kwenye unyevu na ngozi ya tumboni na mapajani inayafyonza. Kwa hiyo ule mwamba ulikuwa ni kiti chake, ni glasi yake na ni pua yake kwa wakati mmoja. Joto pia hana lake, maji yakiwa nyuzi 17 na yeye ni 17. Mayai yake hayana ganda, ni ute tu, kilichopo kwenye maji kinapita.

Ndio nasema kindi ana ukuta, chura hana. Chura amefungua milango yote. Kitu chochote utakachoweka kwenye yale maji, sabuni, dawa ya kuua wadudu, petroli, umeshakiweka ndani ya chura.

Na kuhama? Atahamia wapi. Kindi wa Amani mti mmoja ukianguka ana miti mingine elfu. Chura wa mwambani hawezi kupanda juu ya mlima apite jua kali na mashamba makavu ya mahindi aende akatafute kijito kingine. Anachojua kufanya hatari ikizidi ni kung'ang'ania zaidi. Wapo vyura wa mwambani wa nchi nyingine waliochunguzwa, maji yakiongezeka nguvu juu ya jiwe, vidole peke yake havitoshi, anajilaza anabandika tumbo na mapaja pia. Mi kila nikilifikiria hilo linaniumiza, maana kama maji yenyewe ndio yana sumu basi amejilaza kwenye sumu kwa mwili wote.

Nisiwapotoshe mkadhani kindi hana maana. Kindi wengi wanafukia mbegu akiba, nyingine wanazisahau, zinaota. Msitu unaoshika mvua pale milimani kuna miti mingi iliyopandwa na mikono midogo namna hiyo, na msitu ndio unaotunza kijito kisikauke kiangazi. Kwa hiyo kindi anamtunzia chura maji bila wao wawili kujuana. Vile vijito vinaingia Mto Zigi, na Zigi ndio unalinywesha jiji la Tanga, mtu anafungua bomba Ngamiani hajui kwamba maji yake yamepita kwenye miguu ya chura.

Kuna kitu kimoja kingine kuhusu hawa wa kwenye vijito hakihusiani sana na mtaro wetu ila siwezi kukiacha kwa sababu ni kizuri mno. Mnakumbuka nimesema babu alinishika bega kwa sababu ya kelele za maji. Sasa chura dume anamuitaje jike mahali kama hapo? Kule China kuna mmoja amepandisha sauti yake juu mpaka nyingine hata sikio la binadamu haliwezi kuisikia, anapita juu ya kelele za mto. Na kisiwa cha Borneo kuna wengine wanakaa kwenye jiwe wanainua mguu wa nyuma, wanatanua ule utando wa vidole, wanapunga. Wanapunga kama mtu aliyesimama stendi ya Nyegezi anamuonyesha ndugu yake mi niko huku! Kindi anaongea kwa mkia, chura anaongea kwa mguu. Nilivyolisoma hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya kidogo.

Haya turudi. Mtu anaweza kusema mwalimu unatutisha, lini maji yamebadilika mpaka chura akaisha. Nawaambia, hapa hapa Tanzania, na ni juzi tu, wengi wenu mlikuwa mmeshazaliwa.

Kihansi, milima ya Udzungwa. Kuna maporomoko ya maji pale, na chini yake kwenye yale majani yanayolowa muda wote kwa rasharasha, mwaka 1996 watafiti walikuta chura mdogo wa rangi ya dhahabu, mkubwa wao hafiki sentimita tatu. Hatagi mayai nje, anazaa watoto kamili. Hakuwepo mahali pengine popote duniani, eneo lake lote ni kama hekta 2, viwanja vichache vya mpira. Wakati huo mradi wa umeme ulikuwa unajengwa, na umeme tunauhitaji sote, hata hizi simu zenu zinachajiwa na mito. Mradi ulipoanza kazi maji mengi yakachepushwa, yaliyobaki kwenye maporomoko yakapungua kwa kama asilimia 90, na rasharasha ikaisha. Jamani, miti ya pale iliendelea kusimama. Mtu angepita na kuangalia juu angesema msitu upo.

Mwaka 2000 wakakusanywa vyura 499 wakapelekwa Marekani wakatunzwe, na huku nyumbani zikafungwa bomba za kunyunyiza maji ili kuiga ile rasharasha. Ikasaidia, idadi ikapanda. Halafu mwaka 2003 wakaanguka ghafla. Ugonjwa wa ukungu wa ngozi ulikutwa kwao, na palikuwa pia na wasiwasi wa dawa za mashambani kwenye tope lililofunguliwa kutoka bwawani. Ule ukungu unavyoua ndio utaelewa ninachosema kuhusu ngozi, haumli chura kama simba anavyokula swala, unaharibu ngozi tu, ngozi ikishaharibika chumvi za mwilini zinavurugika na moyo unasimama. Mwaka 2004 ndio mara ya mwisho kuonekana porini. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Waliobaki walikuwa ng'ambo, kwenye visanduku vya vioo, chura wa Udzungwa anahesabiwa Marekani. Mwaka 2010 wakarudishwa 100 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa kwenye korongo lao. Siku niliyosikia wamerudishwa niliwaambia wanafunzi wangu wapige makofi, na walipiga kweli.

Miaka yote hiyo, ndege, bomba, wataalamu wa nchi mbili, kwa ajili ya kitu ambacho maji yalikuwa yanakifanya bure.

Sasa huku kwetu. Hapa Mwanza hatuna chura wa mwambani, mawe tunayo mengi sana lakini ni mawe makavu, hayo ni ya pimbi na mijusi. Vyura wetu ni wa mtaroni na wa kwenye matete. Nilivyohamia huu mtaa, mvua za kwanza za Oktoba zilikuwa zikinyesha mchana, ikifika saa mbili usiku huwezi kulala, mtaro wote unaimba kuanzia juu kule kwenye mawe mpaka darajani. Wageni walikuwa wanalalamika. Kuna wa sauti nene, kuna wale wadogo sauti kama ya kengele ya baiskeli. Waswahili wanasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, ni kweli, ila mi naogopa zaidi siku chura atakaponyamaza na ng'ombe akaendelea kunywa.

Na amenyamaza. Juu kule kabla ya gereji bado wanaimba, nimeenda kusikiliza mwenyewe. Kuanzia kwenye gereji kushuka mpaka darajani, mvua mbili zilizopita, hakuna sauti hata moja. Sitaitaja gereji na sitaki mtu yeyote aende kugombana na wale vijana, ni watoto wetu, wanatafuta maisha, na hakuna aliyewahi kuwawekea pipa. Oili chafu wanaimwaga mtaroni kwa sababu ndipo inapokwenda kila kitu. Mi mwenyewe maji ya kufulia yangu yalikuwa yanaenda hapo hapo mpaka mwaka juzi nilipochimba shimo, kwa hiyo siongei kama malaika. Ila nilichukua maji ya pale kwenye chupa inayoonyesha ndani nikaiweka dirishani, njooni muione, juu kuna utando wa rangi rangi kama upinde wa mvua. Ule utando ndio unakaa juu ya maji mahali kiluwiluwi anapopanda kuvuta hewa, na ndio unaompaka chura ngozi yake, ile anayopumulia.

Na mtaro huu haubaki hapa. Unaingia Mirongo, Mirongo unaingia ziwani, na maji ya bomba ya jiji hili yanatoka ziwani humo humo. Sato tunayemla yuko humo. Dagaa wanaoanikwa wametoka humo. Wazee hapa wanakumbuka furu walivyokuwa wa aina nyingi kabla sangara hajaletwa, mnajua hili ziwa likipoteza kitu halirudishi kirahisi.

Kwa hiyo nimeomba vitu viwili na nimeshaongea na mwenyekiti. Kwanza ni pipa, pipa la lita 200 lenye mfuniko, likae pale gereji, oili chafu iingie humo, wapo watu wanainunua kwa hiyo si hasara kwa vijana. Mimi nimetoa elfu kumi ya kuanzia, mama wa duka hapo ameshatoa yake, kopo linapita sasa hivi.

La pili ni wewe kijana uliyeniuliza swali, nimekuona uko hapo usijifiche. Mvua ya kwanza ya msimu ikinyesha nakuhitaji. Tunakutana darajani saa mbili usiku, wewe na mimi na yeyote anayetaka, njooni na tochi na buti, pikipiki ziachwe mbali kwa sababu ya kelele. Tutatembea kutoka darajani kupanda mpaka kule kwenye mawe, kila hatua hamsini tunazima tochi tunasimama kimya dakika tano, mjukuu wangu anaandika kwenye daftari tumesikia sauti ngapi na za namna ngapi. Mvua ya pili tunarudia. Pipa likishakaa msimu mzima tunarudia tena, mahali pale pale, saa ile ile. Daftari nimeshanunua, hili hapa, nimepiga mistari, safu ya darajani nimeiandika kwa penseli maana natamani sana kuja kuifuta ile sifuri.